Siku yangu na watoto njiti

Saa 12 na nusu asubuhi nashuka daladala Darajani, mjini Unguja, namalizia kwa miguu hadi hospitali. Nikiingia wodini macho yangu yanakwenda kitanda cha pembeni. Kimetandikwa upya. Jana jioni nilimwacha pale mtoto aliyezaliwa wiki ya 25 ya mimba, gramu 710. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananiangalia tu. Innalillahi.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini zaidi ya watoto 9 kati ya 10 waliozaliwa kabla ya wiki 28 hufa siku za mwanzo. Katika nchi tajiri hawafiki hata 1 kati ya 10. Siku ya kufa hupanga Mungu, nakubali. Lakini pengo hilo ni la mashine, dawa na mikono, na linaniuma kila nikitandua shuka.

Saa 2. Nipo kwa mwingine, aliyezaliwa wiki ya 27, leo siku yake ya 12, gramu 940. Mapafu yake bado hayana ute wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visigandamane, basi mashine inamsukumia hewa puani, na mpira wake mwingine umezama kwenye chupa ya maji. Nasikiliza mapovu. Oksijeni ya damuni mwake naichunga isipite asilimia 95, kwani ikizidi huharibu mishipa ya macho. Miaka ya 1940 na 1950 watoto wengi Ulaya na Marekani walipofuka hivyo kabla madaktari hawajagundua sababu.

Saa 3, maziwa. Mama yake amekamua usiku kucha. Namimina mililita 10 kwenye bomba la sindano lililounganishwa na mpira wa puani, nalinyanyua kidogo, yashuke yenyewe. Katikati kifua kinasita. Midomo inageuka buluu. Nausugua unyayo wake kwa kidole, mara moja, mara mbili, ndipo anavuta.

"Dada, anakufa?"

"Amesahau kupumua, mdogo wangu. Ubongo wake mchanga bado. Tunamkumbusha."

Saa 4 na nusu, kliniki. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, na ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu mtoto akishanenepa nyumbani huonekana mambo yamekwisha. Bibi kutoka Makunduchi ameleta mjukuu wa miezi 14, naye alizaliwa wiki ya 27.

"Wenzake wanatembea, mwanangu. Huyu anatambaa tu."

"Bibi, huyu alitoka miezi 3 kabla ya siku zake. Hiyo tunaitoa. Leo mhesabu miezi 11."

Akashusha pumzi, akafunga vizuri mtandio. Sikumwambia kuwa hakuna hatari. Waliozaliwa mapema hivi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupooza viungo, kutosikia, kuona kwa shida au kusumbuka darasani, ingawa wengi wanaosalimika hukua vizuri. Nikaangalia miguu kama imekakamaa, nikapiga makofi nyuma ya sikio. Aligeuka. Na mkono wa kulia ulishika biskuti sawasawa na wa kushoto.

Saa 7 na nusu, chumba cha Kangaruu. Kina mama wanne, watoto wamefungwa kwa kanga kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianzia Bogotá mwaka 1978 kwa kukosa mashine, na utafiti uliofanywa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo. Leo baba mmoja amempokea mkewe ili akaoge. Amekaa wima, hathubutu hata kukohoa.

Saa 9, kabla sijatoka, nampigia simu mama mmoja wa Micheweni, Pemba. Mtoto wake ametimiza wiki ya tano na macho hayajapimwa. Mishipa ikiharibika, muda wa kuitibu ni mfupi.

"Nauli ya boti, dada. Na anaonekana mzima."

"Anaonekana, ndiyo. Ndani ya jicho huwezi kupaona wewe wala mimi."

Akanyamaza. Nikasikia anazungumza na mumewe, halafu akarudi: boti ya Alhamisi, inshallah. Nimeandika jina lake ukutani kwa kalamu nyekundu.