Kumfuata Chozi Bonde la Teleki

Kwenye lango la Naro Moru la kupandia Mlima Kenya, mita 2,400 juu ya bahari, utawaona chozi wa msituni, ndege wadogo wa mdomo uliopinda. Tuliyemfuata sisi, Nectarinia johnstoni, anaishi juu zaidi, kwenye lobelia kubwa za mlima huo, mimea yenye bua refu la maua. Dume ni wa kijani kinachometameta, mkia mrefu. Jike ni wa kahawia. Wote wawili wana vishungi vyekundu pembeni mwa kifua.

Tulilala kambi ya Met, mita 3,050. Anayeunganisha safari hadi Bonde la Teleki siku hiyohiyo huumwa kichwa usiku, na asubuhi mikono haiwezi kutuliza darubini. Tuliondoka saa 11 alfajiri kwa sababu mawingu hufunika bonde kuanzia mchana. Baada ya mstari wa miti kuna kinamasi cha mteremko: vaeni gambuti na pitieni juu ya mafungu ya nyasi, kwani matope ya katikati humeza mguu.

Kwenye bonde tulikuta lobelia za aina mbili. Keniensis hupenda udongo wenye maji. Majani yake hushika maji kama bakuli, na usiku tabaka la juu huganda huku chipukizi la katikati likinusurika. Telekii hukaa penye udongo mkavu zaidi. Bua lake laweza kufikia mita 3, limefunikwa manyoya marefu. Hiyo huchanua mara moja, ikazaa mbegu, ikafa.

Ndege mvumaji wa Amerika hunywa akielea hewani. Chozi huyu hutua, akalikumbatia bua kwa kucha, kisha akauchomeka mdomo wake uliopinda kati ya manyoya hadi lilipo ua. Wengi hudhani kila akichomeka anafuata mbochi, maji matamu ya ua. Mtazameni vizuri: mara nyingi anatoa kijidudu kilichojificha humo kukwepa baridi, na hicho ni chakula chake kikubwa, hasa akiwa na makinda, maana mbochi ni sukari na kinda hukua kwa nyama.

Dume hulinda lobelia zilizochanua. Tuliposimama karibu na bua lake alikaa mbali, akilia, bila kula. Tuliporudi nyuma hatua kama ishirini na kuketi, alirejea. Nadhani hapo ndipo wapiga picha wengi hukosea: wanasogea, naye anapoteza asubuhi, wakati pekee wenye jua la kutosha. Dume mwingine alipovuka mpaka wake, mwenyeji alivimbisha vishungi vyake na kumfukuza hadi ng'ambo ya kijito.

Saa 6 ukungu ulishuka, nasi tukafunga darubini.