Kupunguza vitu nyumbani: kumbukumbu za Kwaresima, Dodoma

Jumatano ya Majivu

Nimeanza na stoo. Nataka kiwe chumba cha sala, kwa hiyo vilivyomo lazima vitoke. Ninayemsoma msimu huu ni yule tajiri wa Luka 12, aliyeona mavuno yamemzidi akapanga kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakwa. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, Dodoma yetu inajenga kila kona, na kila ramani ina stoo. Mimi pia nilijenga yangu, ikajaa.

Wiki ya kwanza

Sanduku la sare za harusi limekula jioni nzima. Vitenge, satini, lesi. Gauni moja la zambarau la sendofu, lenye shanga shingoni, nililivaa usiku mmoja tu, na chaki ya fundi bado inaonekana kwenye pindo. Chini kabisa vidonge vya dawa ya nondo vimebaki unga, na nondo wamekula kitenge kizima, vilevile Bwana alivyosema katika Mathayo 6.

Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alimhubiri tajiri huyuhuyu wa Luka. Alisema nguo uliyoifungia kabatini ni mali ya asiye na nguo. Basi nimetoa zile ninazozipenda. Zilizochakaa nimezifanya matambara, maana sioni ibada yoyote katika kumpelekea mwenzangu nguo ambayo mimi mwenyewe naionea aibu.

King'amuzi kimeisha muda, sijalipia tena.

Katikati ya Kwaresima

Hapa ndipo penye uzito. Nimeaga kamati za harusi, pamoja na magrupu yake ya WhatsApp yanayolia hadi saa sita usiku. Shangazi alipiga simu jioni hiyohiyo.

"Mwanangu, usipochangia wenzio, utazikwa na nani?"

"Shikamoo shangazi. Msibani nitafika na mchango nitatoa, na maharusi nitawapa zawadi yangu mkononi. Nilichoacha ni vikao na sare."

Alinyamaza, kisha akaniuliza kama naumwa. Namwelewa. Kwetu kuchangiana ni undugu, na Kristo hakuniita niwakimbie ndugu. Lakini vikao vile vilikuwa vinachukua jioni za jumuiya, na nilikuwa naingia ibadani nimechoka hata kusikiliza Neno.

Fedha ya sare imenunua mahindi kwa familia mbili za Chamwino. Miezi hii uwele na mtama bado viko shambani, na vihenge vya wengi vimeshakauka.

Wiki Takatifu

Stoo imebaki na mkeka, kigoda, Biblia na daftari. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri. Zamani nikipiga magoti nilikuwa nahesabu ninachodaiwa na nani anadai. Sasa nawaombea watu kwa majina, taratibu, na baadhi yao ni wale wa kamati. Furaha ninayoipata hapo sikuipata katika ukumbi wowote, na nasema hivyo nikimshukuru Mungu.

Kilichobaki ni vikoba, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Kile kidogo nimemalizana nacho. Kikubwa nitatoka kikivunjwa Desemba, kwa sababu kuna wenzangu wamekopa kwa kutegemea hisa zetu, na kujitoa katikati ni kuwaumiza.