Daftari la Vitambaa Nilivyoharibu

Nilikaa miezi minne na cherehani sebuleni, Mbagala, bila kushona kitu. Kila Jumamosi nilitandaza mezani kitambaa cha bluu chenye nakshi upande mmoja, nikachora shati kwa chaki, nikapima, nikafuta, nikapima tena, kisha nikakikunja na kukirudisha kabatini. Mimi ni mhasibu, na tangu ujana nimelipwa ili makosa yasitokee. Tarakimu iliyokosewa husahihishwa, lakini kitambaa kikishapitiwa na mkasi hakirudi kilivyokuwa.

Fundi mmoja wa Tandika, mama aliyekuwa akinishonea nguo kwa muda mrefu, ndiye aliyenikwamua. Nilimpelekea michoro yangu, naye hakuitazama.

"Kaka, umeshaharibu vitambaa vingapi?"

Nikajibu, kwa fahari kidogo, kwamba sijaharibu hata kimoja.

"Basi hujaanza."

Akaniagiza nikanunue marekani, ile pamba isiyotiwa rangi ambayo wafanyabiashara wa karne ya 19 waliileta Unguja kutoka Marekani, ikabaki na jina la ilikotoka. Siku hiyohiyo nilikwenda Kariakoo nikanunua yadi 20. Usiku nikachukua daftari nikachora safu tatu: tarehe, kilichoharibika na sababu. Yadi zote 20 niliziandika hasara kabla sijakata hata inchi moja, ili chochote kitakachopona kihesabiwe kuwa faida. Mkaguzi yeyote angenikemea kwa hesabu za namna hiyo, lakini mkono uliacha kutetemeka.

Makosa ya mwanzo yalikuwa ya kitoto: sindano niliiweka kinyume ikawa inaruka mishono, na kola ya kwanza ilisimama upande mmoja ikalala upande wa pili. Kosa lililonifunza zaidi lilitokana na taaluma yangu mwenyewe. Nilipima duara la kwapa, nikapima na kichwa cha mkono wa shati, nikaona mkono umezidi kwa karibu inchi moja. Kwa mhasibu, pande mbili zisizolingana ni dalili ya kosa, kwa hiyo nikaikata ile ziada hadi pande zikalingana. Shati lilipokamilika lilinibana mabegani kiasi kwamba nisingeweza kushika bomba kwenye daladala. Yule mama alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanionyesha kwamba ziada ile huwekwa kwa makusudi, kwa sababu bega ni mviringo: unapitisha mshono mlegevu kwenye kichwa cha mkono, unavuta uzi taratibu ili kitambaa kijikusanye bila kukunjamana, ndipo unakiunganisha na kwapa. Nilifumua na kurudia mara nne. Mara ya nne haikuwa nzuri, ila bega lilikaa.

Yadi 20 zilipokwisha nilikuwa na mistari 17 daftarini na shati moja la kuvaliwa nyumbani. Nikakitoa kile kitambaa cha bluu, safari hii nikakikata bila kusitasita, nikaishia na mikono miwili ya kushoto. Marekani ilikuwa imenificha jambo hilo muda wote: pande zake mbili hufanana, hivyo mkono uliokatwa visivyo unaugeuza tu na kuendelea, lakini kitambaa chenye nakshi upande mmoja hakikupi nafasi hiyo. Nikiri kwamba niliumia, maana kilikuwa cha bei, na kwa siku mbili sikuigusa cherehani. Siku ya tatu niliandika mstari wa 18, nikapunguza shati liwe la mikono mifupi kwa vipande vilivyobaki, na Jumatatu nikalivaa kazini. Mwenzangu mmoja aliniuliza fundi wangu ni nani.

Sasa nimeingia kwenye suruali. Ukurasa wake una mistari mitatu, na yote mitatu inahusu zipu.