Alivyofuta kwa raba

Tangu Jumanne iliyopita neno langu mwenyewe linanikereketa.

Tulikuwa maabara na Kidato cha Nne, kipindi cha mwisho kabla ya chakula, tukipima daiodi, kile kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Vikundi sita, maltimita (mita za kupimia umeme) mbili. Binti wa meza ya nyuma, yule wa Ipuli ambaye mnamjua, akanyoosha mkono.

“Madam, ulisema daiodi ya silikoni haipitishi umeme mpaka ifike volti 0.7. Yetu iko 0.55 na mkondo upo.”

“Mmesoma vibaya.”

“Tumerudia mara tatu, Madam.”

“Andika 0.7. Mtihani unataka 0.7.”

“Sawa, Madam.”

Akakaa, akafuta. Nilimwona akifuta polepole, kisha akapuliza vumbi la raba kwenye daftari.

Mdogo wangu ameolewa Jumamosi, wakaguzi wamekuja wameondoka, mvua ya kwanza imenyesha, na mimi katikati ya vigelegele vya ukumbini nasikia “Sawa, Madam.” Haikuwa sauti ya kiburi wala ya kununa. Angenuna ningepata pa kushikia. Ilikuwa sauti ya mtu anayekabidhi kitu chake kwa sababu mkubwa amekitaka.

Jumapili usiku, watoto wamelala, nikazitandika mezani zile maltimita mbili za maabara, daiodi moja ya 1N4007, betri ya tochi ya volti 1.5, rezista, na kile kitufe cha sauti nilichong'oa kwenye redio mbovu ya Baba Watoto. Nikazungusha taratibu. Kwenye 0.47 mkondo ulikuwa sehemu moja ya kumi ya miliampia. Kwenye 0.58, miliampia 1. Kwenye 0.69, miliampia 10. Nikarudia, nikapata yale yale: nikiongeza kama volti 0.11, mkondo unakuwa mara kumi.

Kumbe hapo kwenye 0.7 hakuna mlango unaofunguka. Umeme umeanza kupita mapema, kidogo kidogo, halafu unapaa. Grafu za vitabuni huchorwa kwa makumi ya miliampia, kwa hiyo ile mikondo midogo inalala juu ya mstari wa chini na jicho linasema hakuna kitu. Nimeichora ubaoni miaka tisa na sikuwahi kuwaambia wanafunzi hilo.

Nikaigeuza daiodi, ule mstari wa fedha kwenye ncha yake moja ukaelekea chanya ya betri. Mita kimya. Upande huo daiodi hii imetengenezwa ihimili hadi volti 1000, na kinachovuja ni kidogo mno kwa mita zetu. Nikairudisha, nikaibana kwa vidole viwili. Namba ikaanza kushuka mbele ya macho yangu: 0.581, 0.577, 0.572. Joto la mkono wangu tu! Kila nyuzi moja ya joto inapunguza kama milivolti 2. Na maabara yetu mwezi huu, saa sita mchana, chini ya lile bati, joto lake mnalijua.

Jana asubuhi nikamwita.

“Shikamoo, Madam.”

“Marahaba. Ile 0.55 yenu ilikuwa sahihi. Niliyekosea ni mimi.”

Hakusema kitu. Akafungua daftari ukurasa wa mwisho kabisa, akanionyesha. Vipimo vyote vitatu vilikuwepo, kwa penseli, 0.55 imezungushiwa duara. Alifuta mbele, akahifadhi nyuma. Nilitaka kumkumbatia.

“Na kwenye mtihani, Madam?”

“Wakikuuliza thamani ya kawaida, 0.7. Wakikupa kifaa upime, andika ulichokiona.”

Nimetembea hadi nyumbani nikitabasamu, jua lile lote.

Jioni Baba akapiga simu kutoka Sikonge. Nyuki wamehama mizinga miwili, na anataka kupanda mwenyewe kuiangalia, na presha ile. Nimemwandikia asubiri Kaka afike Ijumaa. Mpaka sasa hajajibu, na simu yake haipatikani.