Jinsi Nilivyomfundisha Mnyonyadamu Kupiga Hodi

Wazo la kuwaandikia vijana hadithi ya kuchekesha kuhusu mnyonyadamu lilinijia mchana mmoja nilipoingia darasani, hapa Tanga, nikawakuta wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakisimuliana filamu waliyoitazama kwenye kibanda umiza, huku kitabu cha fasihi kikiwa kimefungwa mezani. Mvulana aliyekuwa akisimulia, ambaye katika insha zake hunipa mistari sita mikavu, alikuwa akigeuza sauti, akipachika tashbihi na kukatisha sentensi pale panapostahili, na wenzake walikuwa wakicheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza hadi mwisho. Watoto hawa hawakukosa hamu ya hadithi. Walikosa hadithi ya umri wao katika lugha yao. Vitabu wanavyosoma kwa Kiswahili ni vya mtihani, na vya burudani kwa mtu wa miaka 14 au 15, aliyekwisha kuziacha hadithi za sungura na fisi na ambaye bado hajafikia riwaya za watu wazima, ni vichache mno.

Nilianza vibaya. Kwa miezi miwili niliandika kurasa 40 katika daftari kubwa, na ndani yake nikaweka kila kitu ambacho mnyonyadamu wa Ulaya hutembea nacho: ngome juu ya kilima, theluji, mbwamwitu, jeneza lenye bitana ya hariri, na bwana mmoja mwenye joho jeusi. Ijumaa baada ya vipindi niliwasomea wanafunzi waliopenda kubaki, nao wakanisikiliza kwa adabu, wakacheka mara moja tu, pale bwana yule alipokanyaga joho lake akaanguka. Nilipotafuta sababu niliona kwamba kichekesho huzaliwa pale jambo ambalo msikilizaji amelizoea tangu utotoni linapokwenda kombo, na hakuna mtoto wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, aliyezoea ngome ya mawe hata aone kasoro yake. Kila baada ya aya mbili nililazimika kusimama nieleze, na kicheko kinachongoja maelezo hakiji.

Basi nikageukia kwetu. Pwani hii ina mnyonyadamu wake, mumiani, na jina lenyewe limesafiri mbali: asili yake ni neno la Kiajemi lililotaja utomvu mweusi uliouzwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika, neno hilohilo ambalo kwa kupitia Kiarabu liliwapa Wazungu jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Huku kwetu watu walikuja kuamini kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, kisha jina likahama kutoka kwenye dawa likamkalia mtu anayeitafuta damu hiyo. Wakati wa ukoloni uvumi wa namna hii ulienea Afrika Mashariki na kupita mipaka yake. Nairobi na Kampala watu hao waliitwa wazimamoto, kwa kuwa magari mekundu ya kikosi cha zimamoto, mipira yake na ndoo zake vilionekana kuwa vyombo vya kukusanyia damu. Katika Kongo ya Wabelgiji waliitwa batumbula. Mwanahistoria Mmarekani Luise White, aliyewahoji wazee wa Kenya na Uganda, ameonyesha jinsi uvumi huo ulivyowapa watu namna ya kuzungumzia kazi na mamlaka ya kikoloni. Mimi kilichonivutia ni kwamba mumiani si mfu aliyefufuka. Ni mtu mwenye ajira: ana sare, ana gari, ana mshahara, na ana bosi anayemngoja ofisini. Niliandika sura tatu za mumiani anayegombana na karani wake kuhusu posho ya safari, na Ijumaa ile darasa zima lilicheka hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Wiki iliyofuata mama wa mwanafunzi wangu mmoja alinijia shuleni. Binti yake alikuwa amepata homa, na walipofika zahanati alikataa katakata kudungwa kidole ili apimwe malaria, akalia hadi muuguzi akachoka. Mama yule hakuja na hasira; alitaka tu kujua nilichowasomea. Nilimsomea ukurasa mmoja, na nilipokuwa nikisoma niliyasikia maneno yangu kama yeye alivyoyasikia: gari, koti jeupe, sindano, chupa. Nilikumbuka habari za Malawi za mwaka 2017, ambako uvumi wa wanyonyadamu katika wilaya za kusini uliwafanya watu wakusanyike na kuwaua wenzao wasio na hatia. Huko na huku kwetu, anayeitwa mumiani aghalabu ni mgeni, mfanyakazi wa afya, au dereva aliyepotea njia usiku. Mwandishi anayewachekesha watoto kwa mambo hayo anatilia nguvu woga uleule unaoweza kumponza mtu aliye hai. Jioni ile nilizichana sura zote tatu, na sijutii. Popobawa, yule kiumbe wa usiku anayesimuliwa Zanzibar, nilikuwa nimekwisha kumweka kando tangu mwanzo, kwa kuwa visa vyake si vya kuwasomea watoto.

Nilichofanya baadaye ndicho kilichofaulu, nami nitakieleza kwa kirefu. Nilimrudisha mnyonyadamu wa Ulaya, lakini nikaacha ngome na theluji, nikabakiza masharti yake peke yake. Kiumbe huyu amefungwa na masharti mengi kuliko mfungwa. Haingii nyumba ambamo hajakaribishwa. Hawezi kitunguu saumu. Haonekani kwenye kioo. Katika baadhi ya sehemu za Ulaya Mashariki watu waliamini kwamba ukimmwagia mtama au mbegu ndogondogo hawezi kuondoka mpaka azihesabu zote, na jua humkuta papo hapo. Suala la jua nalo nililifuatilia, nikagundua kwamba Dracula wa Bram Stoker, katika kitabu cha mwaka 1897, hutembea mchana, ingawa nguvu zake hupungua. Kufa kwa sababu ya mwanga wa jua kulienezwa na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Ugunduzi huo ulinipa ruhusa: ikiwa Wazungu wenyewe wamekuwa wakimwongezea na kumpunguzia masharti kila kizazi, nami naweza kumleta Tanga nione masharti hayo yatakutana na nini.

Yalikutana na adabu zetu. Mnyonyadamu asiyeweza kuingia bila kukaribishwa akifika kwenye mji ambao mtu akisema "hodi" hujibiwa "karibu" na watu watatu kutoka vyumba vitatu, kabla hata hawajajua ni nani, kazi yake inaonekana kuwa rahisi kuliko popote duniani. Lakini akishaingia ni mgeni, na mgeni wa Kiswahili haachiwi afanye atakalo. Atakalishwa, ataulizwa habari za nyumbani, za safari, za wazazi na za watoto, kisha ataandaliwa chakula, na pilau ya Tanga haipikwi bila kitunguu saumu. Hadithi nzima ilikuwa hapo mlangoni ikiningoja.

Ilibaki kumleta huyo mgeni kwa njia ambayo mtoto wa hapa ataiamini. Nilimpa jina la Radu, nikamwingiza nchini pamoja na katani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Florida, na baada ya safari ndefu kupitia Hamburg ni miche 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Wanafunzi wangu, ambao wengi wana babu aliyekata katani, wanaijua hesabu hiyo. Kwa hiyo nilipowasomea kwamba katika shehena ile kulikuwa na kitu cha 63 ambacho hakikuwa hai wala hakikuwa kimekufa, nilisikia darasa likivuta pumzi. Makazi yake ni Mapango ya Amboni, ambako anaishi kwa aibu katikati ya popo wasiomwelewa, maana popo wanaonyonya damu ni aina tatu tu na wote wanaishi Amerika, kuanzia Meksiko hadi Argentina. Popo wa huku hutafuta matunda na wadudu, na humshangaa mwenzao anayekataa embe.

Sura iliyonigharimu muda mrefu zaidi ni ile ya usiku wa kwanza katika nyumba ya Mwanaidi, msichana wa miaka 15 anayeishi na bibi yake. Niliiandika mara tisa. Nilitaka Mwanaidi amgundue mgeni kwa akili yake, bila meno marefu wala damu mdomoni, na kwa muda mrefu sikupata dalili inayofaa. Niliipata asubuhi moja langoni mwa shule, nikipokea shikamoo za wanafunzi. Katika lugha yetu mdogo humwamkia mkubwa. Radu ana sura ya kijana wa miaka 25, lakini amezaliwa miaka 400 na ushei iliyopita. Je, nani amwamkie nani? Sehemu hiyo sasa inasomeka hivi:

"Mgeni aliketi, akanyoosha mgongo, akangoja. Bibi naye alikunja mikono juu ya kanga yake, akangoja. Saa ya ukutani iligonga mara nne.

'Huko kwenu, mwanangu, wakubwa hawaamkiwi?' Bibi aliuliza hatimaye.

'Huamkiwa sana, bibi,' mgeni alijibu kwa upole. 'Ndiyo maana nangoja.'

'Una miaka mingapi?'

'Mia nne na minane.'

Bibi alimtazama kwa huruma, kisha akamgeukia mjukuu wake. 'Mwanaidi, mletee mgeni maji ya kunywa. Safari imemchosha.'

Mwanaidi hakwenda kuleta maji. Alikuwa akikitazama kioo cha kabati la vyombo, ambamo kiti alichokalia mgeni kilionekana kitupu."

Hapo ndipo wanafunzi walipocheka, kisha ghafla wakanyamaza wote, na kunyamaza kule kulinifurahisha kuliko kicheko. Ninaamini kwa dhati kwamba hadithi ya aina hii ikiuondoa woga kabisa, kichekesho nacho hufa. Mtoto anapaswa kumpenda Radu na bado asitamani kukutana naye gizani. Kwa hiyo Radu ana njaa ya kweli, na kila sura ina dakika moja ambayo anamtazama mtu shingoni na hasemi neno.

Anayemshinda ni Bibi, naye hamshindi kwa silaha. Mgeni akipiga chafya kwa harufu ya pilau, Bibi anaona ni mafua, anamchemshia tangawizi na kuongezea kitunguu saumu. Mgeni akikataa kulala, Bibi anamwekea ungo wa mchele amsaidie kuondoa mawe. Niliuchukua ungo wa nyumbani kwangu nikaketi nao chini kabla ya kuandika sehemu hiyo, ili nijue jinsi vidole vinavyokwenda, jinsi punje zilizokatika zinavyojitenga na nzima, na jinsi jiwe dogo jeupe linavyojificha. Radu anaanza kuokota mawe, macho yake yanaangukia punje, na sharti lake la kale linamkamata: moja, mbili, tatu. Adhana ya alfajiri inamkuta kwenye punje ya 11,306, na Bibi anamsifu mbele ya majirani kwamba hajapata kuona kijana mwenye subira kama huyo.

Katika kusahihisha niliondoa jambo moja ambalo nisingependa mwandishi mwingine alipite bila kulifikiria. Hadithi za Ulaya humpa mnyonyadamu ngozi nyeupe isiyo ya kawaida. Nchini mwetu watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na katika darasa langu yupo mtoto mwenye ualbino. Sikutaja rangi ya ngozi ya Radu hata mara moja katika kurasa 112, na hakuna msomaji aliyeniuliza. Muuguzi wa zahanati nilimfanya rafiki mkubwa wa Mwanaidi. Ndiye anayemweleza Radu, kwa uvumilivu mwingi, kwamba damu hutolewa kwa hiari, na mtu mzima mwenye afya njema hutoa chupa moja, wala haumwi nayo. Binti aliyekataa kudungwa kidole ndiye aliyenisahihishia sura hiyo.

Kuhusu lugha, niliamua masimulizi yawe ya Kiswahili sanifu na mazungumzo ya vijana yawe kama wanavyozungumza kweli, na niliposhindwa niliwauliza wenyewe. Neno lenyewe la kumwita kiumbe huyu tulilijadili kipindi kizima. "Vampaya" lilipata kura nyingi, lakini nikachagua "mnyonyadamu", kwa kuwa hata Bibi angelielewa bila kuuliza.

Nilidurufu nakala 30 kwa fedha zangu, na zimezunguka hadi shule za jirani, nyingine zikirudi bila jalada. Mvulana yule wa kibandani alinirudishia yake ikiwa na maswali pembezoni, na la mwisho lilikuwa hili: "Mwalimu, huyu bwana mchana hali wala hanywi, na jua likizama ndipo anapotafuta chakula. Bibi akimwona mwezi wa Ramadhani, si atadhani amefunga?" Nilikwenda kwa mzee mmoja anayesomesha madrasa mtaani kwetu, nikamuuliza kama hadithi ya namna hiyo ingewakwaza watu. Alinisikiliza hadi mwisho, akafikiri, kisha akataka kujua Bibi atamwandalia nini. Nimekwisha kununua daftari jipya, na sura ya kwanza inamkuta Mwanaidi njiani kuelekea mapangoni, amebeba tambi na uji wa pilipili manga, akijiuliza atapiga hodi wapi mahali pasipo na mlango.