Ratiba Yangu na Maji ya Raskazone

Kambi ya watoto imekwisha jana. Nyumba imenyamaza, na kwenye ukuta wa jikoni bado imebandikwa ile ratiba niliyoichapa mwenyewe: bluu kwa michezo, kijani kwa chakula, manjano kwa kuogelea. Kuogelea saa 4 asubuhi. Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki mbili mfululizo, saa 4 asubuhi. Nikiitazama nacheka peke yangu kama mwehu.

Wazo lenyewe tumeliazima. Mdogo wangu anaishi Marekani, na kila mwaka ikifika Juni hunitumia picha za wanawe wakienda kambi ya mchana. Asubuhi anawashusha na vibegi, chupa za maji na mafuta ya kukinga jua. Jioni anawafuata wamechoka hata kula hawataki. Kule ni kiangazi. Kwetu Tanga likizo ya Juni inaangukia kipupwe, kusi linavuma, na mtoto akitoka majini meno yanagongana. Lakini shida ni ileile: shule zimefungwa, wazazi wako kazini, mtoto anashinda sebuleni na simu ya dada wa kazi. Tukakaa watu watano tukasema na sisi tujaribu. Mwalimu wa michezo, muuguzi mstaafu, vijana wawili wanaojua kuogelea, na mimi mhasibu. Kwa kuwa ndiye mwenye kompyuta, ratiba ikaangukia kwangu. Watoto 42, wa miaka 7 hadi 12.

Hapa niseme jambo ambalo wazazi wa kambi hawalijui, na wakilisoma wanisamehe. Mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa Ngamiani, Barabara ya 12, baharini nafika kwa miguu, na sijui kuogelea. Bibi yangu alikuwa na neno moja tu: mtoto wa kike na bahari wapi na wapi. Pwani nilikwenda Idi Mosi, na viatu miguuni, nikala bajia nikarudi. Basi nilipoandika "saa 4" niliandika kama ninavyoandika muda wa kikao. Niliwaza jua tu, kwamba saa hiyo halijawa kali, na kwamba uji utafuata saa 5. Bahari yenyewe sikuiwaza hata kidogo. Vijana wetu waliiona ratiba wakanyamaza. Baadaye wakaniambia walidhani nina sababu zangu.

Jumatatu ya kwanza ilinidanganya. Saa 4 pale ufukweni Raskazone maji yalikuwa yamejaa, yametulia kama yaliyomo kwenye beseni, yanalamba mchanga palepale watoto walipoacha kandambili zao. Nikajiona mtaalamu. Kila mtoto tulimpa pacha wake, na filimbi ikilia kila mmoja anamshika pacha mkono na kuuinua juu, tunahesabu. Filimbi ya pili nikahesabu mikono, ikawa pungufu kwa mtu mmoja. Nikahesabu tena, ni vilevile. Sijui niliwaza nini kwa dakika ile, najua tu kwamba muuguzi wetu alinishika bega. Kumbe kijana yuko kwa mama wa uji, kanyanyua kikombe, anauliza kama sukari imekolea. Pacha wake alipoulizwa kwa nini hakusema, akajibu, "Nilimwambia asiende, Shangazi, akaenda." Tangu hapo ikawa sheria kwamba pacha akiondoka, wewe unapiga kelele kwanza, mashauri baadaye.

Michezo haikunisumbua kabisa. Rede, kombolela, kuvuta kamba, mbio za magunia: hivyo ukiwapa watoto nafasi na kivuli vinakwenda vyenyewe. Nilichokipenda ni mchezo walioutunga wao baada ya mwalimu kuwasimulia habari za silikanti, yule samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka zamani za dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Walipoambiwa kwamba huyo samaki wavuvi wa Tanga wanamnasa kwenye nyavu zao, na kwamba bahari yetu ina hifadhi yenye jina lake, ilibidi kila mtu awe silikanti. Anayekuwa silikanti hukaa kimya nyuma ya mvinje, wengine wanaimba kwamba amekufa, amekufa, halafu anatoka mbio na atakayemgusa anageuka kuwa silikanti pia. Ijumaa tulipowapeleka Mapango ya Amboni waliucheza hata mlangoni mwa pango, na mwongoza wageni akawatisha na popo ndipo wakatulia.

Wakati huohuo bahari ilikuwa inanikimbia, nami sina habari. Jumanne saa 4 maji yalikuwa nyuma kidogo. Jumatano nyuma zaidi. Alhamisi ilibidi tutembee kitambo ndipo magoti yalowe. Nikasema moyoni ni upepo.

Jumatatu ya wiki ya pili tukafika na watoto 42, nguo za kuogelea ndani, taulo mabegani, na bahari hakuna. Sijui niieleze vipi. Palipokuwa na maji wiki iliyopita palikuwa na uwanja wa mchanga na tope unaometameta, madau yamelala ubavu, na kwa mbali kabisa utepe mwembamba wa buluu. Mtoto mmoja wa darasa la pili akanivuta kanga: "Shangazi, nani ameyachukua?"

Chini ya mkungu palikuwa na mzee anashona nyavu. Wiki nzima alikuwa hapo, tunapeana shikamoo na marahaba tunapita. Leo akaniita.

"Hiyo karatasi nani kaiandika?"

"Mimi, babu."

Akaisogeza mbali na macho, akaisoma yote, hata sehemu ya uji. "Leo mwezi mwandamo wa ngapi?"

Sikujua. Mtu mzima, mzaliwa wa mjini hapa, na tarehe ya mwezi mwandamo naifahamu Ramadhani peke yake.

"Leo ni kumi na tano," akasema. "Bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Saa 4 ya bamvua maji yapo Pemba huko. Wiki iliyopita mlikuta maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, saa 4 yamejaa, ukadhani ndiyo desturi yake." Akacheka bila sauti. "Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Maji yanaondoka mara mbili kwa siku, mwanangu, na kila siku yanachelewa karibu saa nzima. Mwezi ukichelewa kutoka, nayo yanachelewa. Wewe umeyapangia saa ya ofisini."

Nilitaka kuwarudisha watoto kwenye rede. Mzee akaweka nyavu chini, akakunja msuli, akasema basi twende tukayafuate.

Siku ile ndiyo kambi. Tulitembea juu ya sakafu ya bahari, mimi mbele kwa mara ya kwanza maana hapakuwa na pa kuzama. Akawaonyesha watoto kaa mdogo mwenye gando moja kubwa na jingine kama njiti ya kibiriti, akawaambia huyo ni dume, anapunga kumwita mke. Kwa nusu saa wavulana wote walitembea wakipunga mkono mmoja. Pembeni kwenye mikoko tuliona visamaki vinavyorukaruka juu ya tope kama vyura. Wanawake walikuwa wameinama wanachokoa pweza kwa vyuma, na mmoja akawaachia wasichana wamguse pweza wake kichwani. Kuna aliyepiga ukelele uliosikika, nadhani, mpaka Kisiwa cha Toten. Wakauliza habari za kisiwa hicho, nikasema jina ni la Kijerumani, maana yake ni wafu, na ndani yake mna magofu ya misikiti ya zamani. Kufumba na kufumbua, nikapata maswali kumi na tano kuhusu wafu. Sikuyajibu.

Tulipofika ukingoni mwa maji mzee alimpa kila mtoto kijiti, akasema kichomekeni palepale maji yanapoishia, mkae, msiseme. Watoto 42 wakachuchumaa kimya, jambo ambalo mimi kwa filimbi nimeshindwa. Mwanzo hakuna kitu. Halafu kijiti kimoja kikazungukwa. Halafu cha pili. "Yameanza kurudi," akasema mzee, "sasa yanatembea. Ikifika adhuhuri yatakimbia. Sisi tunaondoka yakiwa yanatembea." Tukageuka. Njiani kila baada ya hatua kadhaa mtoto anageuka kutazama, anakimbia kidogo, anacheka. Kijana wa uji wa siku ya kwanza ndiye aliyekuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa anahesabu hatua zake toka kwenye vijiti. Alifika 611, akasahau, akaanza kulia.

Jioni nikachukua penseli, si kompyuta, nikafuta saa 4 zote zilizobaki. Kuogelea tukahamishia saa 9 alasiri, maji yakiwa yanapanda. Upepo ulikuwa baridi, muuguzi akalalamika, na alikuwa na haki. Tukaongeza chai ya tangawizi, bajeti ikapasuka kidogo. Mzazi mmoja alipiga simu kuuliza kwa nini ratiba haifuatwi. Nikamwambia ukweli, kwamba ilikuwa na makosa. Akanyamaza, nadhani alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine.

Jana, saa ya mwisho, watoto wameanza kukusanya taulo, binti mmoja wa miaka tisa ambaye wiki mbili zilizopita alikuwa akishika maji kwa kidole kimoja alinishika mkono na kuniingiza mpaka kiunoni, na dera langu lote. "Lala tu, Shangazi. Masikio yazame, usiogope. Nimekushika." Mkono wake mgongoni mwangu ulikuwa mdogo kama kijiko cha upawa. Nililala kama hesabu ya nne hivi, kisha nikasimama nakohoa maji ya chumvi, na watoto ufukweni wakapiga makofi ya kejeli kabisa.

Leo asubuhi nimepata ujumbe: kambi ya Desemba ni lini, na watoto waje saa ngapi? Nimepita kwa mzee na kahawa na kashata kumwuliza. Amesema nimwachie mpaka mwezi uandame.