Kimbunga Kenneth Kilipotupita Mtwara

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019 shule niliyokuwa nikifundisha mjini Mtwara ilifungwa, pamoja na maduka na ofisi, kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetahadharisha kwamba Kimbunga Kenneth, kilichopita kaskazini mwa Ngazija usiku wa kuamkia siku hiyo, kingeweza kuifikia pwani yetu.

Nilishuka ufukweni Shangani. Wavuvi walikuwa wamezivuta ngalawa hadi kwenye minazi na kuzifunga, na nyavu zimekwishapelekwa majumbani. Mzee mmoja aliyekuwa akikaza fundo alinieleza kwamba alikuwa mtoto kimbunga kilipoipiga Lindi, Aprili 1952. “Siku ile, Mwalimu, hakuna aliyetuambia kitu.” Enzi hizo utabiri wetu ulikuwa chini ya idara moja ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ililazimika kuunda idara yake, ambayo mwaka 1999 ikawa Wakala, na katika mwaka huo huo wa Kenneth sheria mpya ikaufanya Wakala kuwa Mamlaka.

Jioni tulipata manyunyu na upepo wa kawaida tu. Kenneth kilikuwa kimeingia nchi kavu Cabo Delgado, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Mto Ruvuma, kikaua watu na kubomoa vijiji vya wenzetu wa Msumbiji. Kesho yake sokoni watu walikuwa wakicheka kwamba tumetishwa bure, na kicheko kile kiliniudhi (bado kinaniudhi), maana njia ya kimbunga haichorwi kwa rula, na kwa umbali kama ule kunyamaza kungekuwa uzembe. Yule mzee hakucheka. “Kingepinda kidogo tu, leo tungekuwa tunazika,” alisema huku akifungua kamba zake.

Baadaye Mtwara ilisimikiwa rada ya hali ya hewa, na nilifurahi. Hata hivyo, rada huona mawingu yaliyokwisha kukaribia. Vimbunga vikiwa bado mbali baharini, watabiri wetu huegemea sana kituo cha Ufaransa kilichoko Réunion, ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekikabidhi ufuatiliaji wa eneo hili. Mimi ningependa fedha zijazo za Mamlaka zielekee huko baharini, kwenye maboya ya kupima joto la maji na mawimbi kati yetu na Komoro, kabla ya kuongeza jengo jingine lolote nchi kavu.